Aliniibia au alininyang'anya: Kiingereza nilichojifunza kando ya kizimba

Kazi yangu ni kusimama kando ya kizimba na kugeuza maneno. Shahidi akisema kwa Kiswahili, nampelekea hakimu kwa Kiingereza; wakili akiuliza kwa Kiingereza, nalirudisha swali kwa Kiswahili. Nimezunguka mahakama za jinai za hapa Nairobi kwa miaka mingi, Makadara, Kibera, Milimani, na siku hizi Jumamosi hukutana na vijana wachache wanaotaka kuingia katika ukalimani. Swali lao la kwanza huwa lile lile: haya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana, mtu huyatofautisha vipi? Kamusi wameshaifungua. 'Steal' ni kuiba, 'rob' ni kuibia, 'thieve' ni kuiba tena. Wanaifunga wakiwa pale pale walipoanzia.

Swali hilo nalichukua kwa uzito, maana mahakamani kila moja ya maneno hayo lina kifungu chake na kifungo chake.

Katiba ya 2010 inasema katika Ibara ya 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Lakini sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na kwa vitendo mahakimu wengi huandika kwa Kiingereza. Kesi ikikatiwa rufaa, majaji hawamwoni shahidi wala hawamsikii. Wanasoma karatasi. Kiswahili cha mama aliyeibiwa hakimo kwenye karatasi hiyo. Lililomo ni neno la Kiingereza alilolichagua mkalimani siku ile.

Tuanze na 'aliniibia', kwa kuwa ndilo neno la kila siku katika vizimba vya Nairobi. Aliniibia simu. Waliniibia pale steji. Niliibiwa nikishuka kwenye gari. Kijana aliyetoka shule na Kiingereza chake kizuri atakimbilia 'he robbed me', kwa sababu ndivyo tunavyosema mtaani, hata kama simu ilichomolewa mfukoni mwenyewe akiwa amesinzia ndani ya matatu. Kwenye mazungumzo hakuna anayeumia. Mahakamani, Kanuni ya Adhabu, ambayo tumeishi nayo tangu 1930, imejenga ukuta kati ya 'steal' na 'rob'. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ni kifungo kisichozidi miaka 3. Kitu kikiibwa mwilini mwa mtu, kifungu cha 279 kinapandisha adhabu. Kisha kuna kifungu cha 295, ambacho ndicho makao ya 'robbery': ni wizi ulioambatana na nguvu au tishio la nguvu, wakati ule ule wa kuiba, au punde kabla, au punde baada. Adhabu yake inafika miaka 14. Na kama mwizi alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa na mwenzake hata mmoja, au alimjeruhi ama kumpiga mtu, sehemu ya pili ya kifungu cha 296 inataja kifo. Huo ndio unaoitwa wizi wa mabavu. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini adhabu bado imo kitabuni, na kuna watu waliokaa gereza la Kamiti miaka na miaka kwa sababu ya kifungu hicho.

Sasa angalia jinsi maneno yenyewe yanavyokaa. 'Steal' hutaka kitu mbele yake: simu, pesa, baiskeli. 'Rob' hutaka mtu au mahali: mtu, benki, duka. Huwezi kusema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mtu ali-'rob' simu. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa herufi moja tu. Kuiba simu, kumwibia mtu. Ile 'i' inayoingia katikati ndiyo inayomleta mtu ndani ya kitenzi, na ndiyo inayomvuta kijana wetu kwenye 'rob', kwa sababu anaona mtu amekaa mahali pa kitu. Ila herufi hiyo inasema jambo moja peke yake: hasara ilinipata mimi. Haisemi kama niliguswa, kama nilitishwa, kama nilijua hata kidogo kwamba simu inaondoka. Kwa hiyo 'aliniibia simu' ni 'he stole my phone', na kama kulikuwa na nguvu, kiongozi wa mashtaka ataiuliza na shahidi ataisema mwenyewe. Kazi ya mkalimani si kuitanguliza.

Asili ya neno 'rob' husaidia kulikumbuka. Liliingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa na ni ndugu wa 'robe', vazi, kwa sababu zamani ngawira ya mnyang'anyi ilikuwa pamoja na nguo alizomvua mtu. 'Steal' ni la Waingereza wa kale wenyewe. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye ya mahakama pia. Mwaka 1362 ilitungwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, lakini maneno yalikuwa yameshaota mizizi: 'judge', 'court', 'evidence', 'prison', yote yamepita njia hiyo. Sisi jambo hili tunalijua kwa ndani. Kuiba na mwizi ni ya Kibantu. Hakimu, mahakama, shahidi, wakili na hukumu yametujia kutoka Kiarabu. Anayesikia tofauti kati ya ugonjwa na maradhi, au kati ya mwanzo na awali, ana sikio linalotosha kabisa kusikia tofauti kati ya 'begin' na 'commence'. Nawaambia vijana hivyo kwa sababu wengi huingia darasani wakiamini kwamba Kiingereza kina utajiri ambao Kiswahili hakina, na imani hiyo huwafanya wageuze kwa woga.

Kipimo ninachokitumia ni neno moja: lakini. Chukua maneno mawili yanayokaribiana, uyatie kwenye sentensi moja yenye 'lakini' katikati, uone kama sentensi inasimama. Ali-'steal' lakini haku-'rob': inasimama, ni yule mchomoaji wa kwenye matatu. Ali-'rob' lakini haku-'steal': kwa sheria yetu inaanguka, kwa kuwa hakuna 'robbery' isiyokuwa na wizi ndani yake. Basi umejua kwamba neno moja limelibeba lingine na kuliongezea kitu, na umejua kitu chenyewe ni nini. Kipimo hiki ni cha Kiswahili kwanza. Nilitazama lakini sikuona. Nilisikia lakini sikusikiliza. Kila mtoto anayeijua lugha yake anaweza kukifanya.

Kuna mama mmoja muuza mitumba wa Gikomba ambaye ushahidi wake nautumia kufundishia, nikiwa nimebadilisha mambo ya kumtambulisha. Alisimama kizimbani, akaapa, akaulizwa ilikuwaje. Akasema: 'Alinivuta mkoba akaenda nao.' Maneno manne. Kwa Kiingereza kuna 'pull', 'snatch', 'grab', 'drag', 'tug', na yote yanaweza kutokana na 'vuta' kwa namna moja au nyingine. 'He pulled me' ingekuwa uongo, kwa sababu kilichovutwa ni mkoba. Ile 'ni' inasema tu mkoba ulikuwa wa nani. 'Drag' hutaka kitu kiburuzwe. 'Snatch' ina ghafla na kasi ndani yake, na mama hakutaja kasi. 'Grab' ni kushika kwa pupa. 'Pull' peke yake haliongezi kitu. Kwa hiyo hakimu alipata 'he pulled the handbag from me and went away with it', na huo ulikuwa Kiingereza cha kawaida sana, kisicho na mapambo.

Kiongozi wa mashtaka akamuuliza mkoba ulitokaje begani. Mama akajibu, 'Mkanda ulikatika.'

Hapa ndipo vijana wote ninaowapa mfano huu huandika 'the strap was cut'. Kukata ni 'cut', wanasema, kwa hiyo kukatika ni 'was cut'. Lakini mkanda uliokatika si mkanda uliokatwa. Ukikatwa, kuna aliyekata, na alikata kwa kitu. Ukikatika, umeshindwa wenyewe kwa kuvutwa. Kiingereza hakina kiambishi cha '-ika', kina maneno mbalimbali ya kazi hiyo: 'the strap snapped', 'the strap broke', 'the strap came apart'. Ukisema 'was cut' umeingiza kisu ndani ya chumba cha mahakama, kisu ambacho hakuna binadamu aliyekitaja, na kisu ndicho silaha ya hatari inayompeleka mshtakiwa kwenye ile sehemu ya pili ya kifungu cha 296. Alivunja na kilivunjika, alipasua na kilipasuka, alimwaga na ilimwagika: kila mkalimani wa Kiswahili anapaswa kuzishika jozi hizi kabla hajaanza kuhangaika na misamiati mizito.

Nguvu ina maneno yake. 'Walinipiga ngeta,' mtu atasema, na kila mkazi wa Nairobi anajua maana yake: mkono umepita shingoni kutoka nyuma, koo limekabwa, mifuko inapekuliwa. Kiingereza kina 'mug', na wengine hulitumia. Mimi silitumii. 'Mug' linataja kuporwa barabarani tu, halina shingo wala mgongo. Ngeta naieleza kwa urefu, kwamba walimshika shingo kwa mkono kutoka nyuma wakamkaba, hata ikichukua sentensi nzima. Hakuna ubaya neno moja likizaa sentensi.

'Alinipiga' ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Kiswahili kina kitenzi kimoja na huacha nomino ifanye kazi: kupiga kofi, kupiga ngumi, kupiga teke, kupiga rungu. Kiingereza kimempa kila mmoja kitenzi chake: 'slap', 'punch', 'kick', 'club'. Ikija 'alinipiga' bila nomino, umebaki na 'hit', 'beat' na 'strike', na hayo hayalingani. 'Hit' linatosheka na pigo moja. 'Beat', likitajwa juu ya mtu, humfanya msikilizaji aone mapigo yanayofuatana. 'Strike' ni kama 'hit' lililovaa suti, na ndilo utakalolikuta katika maandishi ya sheria. Nili-'hit' lakini siku-'beat': inasimama. Basi 'alinipiga' tupu naipeleka kwa 'hit', na nikiona wazi kwamba idadi ya mapigo ina uzito katika kesi, namgeukia hakimu: 'Mheshimiwa, neno hili lina maana zaidi ya moja, naomba shahidi afafanue.' Sentensi hiyo nimeisema mara nyingi kuliko nyingine yoyote kazini. Mkalimani hana ruhusa ya kumhoji shahidi kwa hiari yake, na wala hana ruhusa ya kubahatisha. Mlango uliobaki ni huo wa kuomba.

Kuhusu majeraha, sheria yenyewe imetusaidia, kwa sababu kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinafafanua maneno. 'Harm' ni maumivu yoyote ya mwili, maradhi au kasoro, ya kudumu au ya kupita. 'Wound' ni mkato au tundu lililopenya ngozi ya nje. 'Maim' ni kuharibu kiungo au hisi moja kwa moja. Kwa hiyo jicho lililovimba mpaka likafumba ni 'harm', si 'wound', hata kama maumivu yake yanazidi ya mkato mdogo wa kidole. Daktari anayejaza P3, ile fomu ya polisi ya kueleza majeraha, huamua daraja, na daraja hilo ndilo huelekeza kama shtaka litakuwa chini ya kifungu cha 251, ambacho ni hadi miaka 5, au cha 234, ambacho kinaweza kufika kifungo cha maisha. Shahidi akisema 'aliniumiza', nasema 'he hurt me'. Akisema 'alinijeruhi', nasema 'he injured me'. Kidonda nacho si jeraha; jeraha ni la tukio, kidonda kinaweza kuwa cha wiki tatu, na Kiingereza kina 'sore' kwa ajili yake. Msomaji wa Kiswahili anayaona haya bila kufundishwa, akitulia tu asikilize lugha yake.

Lakini neno lililonifikirisha kuliko yote ni 'tambua'.

Katika kesi za wizi wa mabavu, mara nyingi hakuna anayebisha kwamba wizi ulitokea. Kinachobishaniwa ni nani. Shahidi anasema: 'Nilimtambua.' Kiingereza kina 'recognise' na 'identify', na nje ya mahakama maneno hayo hubadilishana viti bila mtu kujali. Ndani ya mahakama yametengana kabisa. 'Recognise' ni kumjua mtu uliyekuwa ukimjua kabla: jirani, mwanafunzi mwenzako, kijana anayepiga debe pale steji kila asubuhi. 'Identify' ni pana. Linamchukua hata mgeni ambaye hukuwahi kumwona, ukamtambua baadaye kwenye gwaride la utambulisho polisi. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 1980, katika uamuzi ambao mawakili wanaujua kwa jina la Anjononi, kwamba kumtambua mshambuliaji unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mtu mgeni, kwa sababu kunategemea ujuzi ulio nao tayari juu yake. Uamuzi huo hutajwa hadi leo. Maana yake ni kwamba mkalimani akimpa shahidi 'I recognised him' pale ambapo shahidi alimwona mtu huyo kwa mara ya kwanza usiku ule, amempa ushahidi uzito ambao haukuwa nao. Na akisema 'I identified him' kwa mtu aliyekuwa jirani wa miaka kumi, amemnyima.

Kiswahili kinaweza kutenganisha mambo haya, ila hakifanyi hivyo ndani ya neno 'tambua'. Hufanya kwa maneno yanayofuata. 'Nilimtambua, ni kijana wa plot yetu.' 'Nilimtambua kwa hilo kovu.' Kipimo cha 'lakini' kinafanya kazi hapa vizuri kuliko mahali popote: nilim-'identify' lakini sikuwa nimewahi kumwona, inasimama, nilim-'recognise' lakini sikuwa nimewahi kumwona, inaanguka. Shahidi akisema 'nilimtambua' akanyamaza, mimi huomba ufafanuzi kabla sijafungua mdomo kwa Kiingereza.

Na baada ya hapo hakimu atataka kujua kuhusu mwanga, kwa sababu sheria inataka. Mwanga ulitoka wapi, umbali gani, kwa muda gani? Shahidi wa Mathare aliwahi kujibu, 'Nilimwona kwa mulika mwizi.' Mtu asiyekaa Nairobi anaweza kudhani hilo ni jibu moja. Mulika mwizi ni ile taa ndefu ya mlingoti inayoangaza mtaa mzima. Mulika mwizi pia ni simu ndogo ya bei nafuu yenye tochi. Kati ya 'floodlight' ya juu ya mlingoti na 'torch' ya simu kuna kesi nzima: moja inaangaza uso wa mtu hatua nyingi kutoka ulipo, nyingine inaangaza mita chache na mkono unaoishika unatetemeka. Kiingereza kina 'light', 'lamp', 'torch', 'floodlight', 'spotlight', na kati ya hayo 'light' lingekuwa rahisi na lingeficha kila kitu. Niliomba afafanue. Akanyoosha mkono juu kuonyesha mlingoti, na hilo nalo ikabidi lielezwe kwa maneno, kwa sababu karatasi haina mkono.

'Nakubali' ndilo neno ninaloliogopa, nalo husemwa mapema, siku ya kwanza, karani anaposoma shtaka na kuuliza, 'Unakubali au unakataa?' Upande wa Kiingereza kuna 'admit', 'accept', 'agree' na 'confess'. 'Agree' ni kuwa na wazo moja na mwenzako. 'Accept' ni kupokea, hata kwa shingo upande. 'Admit' ni kukiri jambo lililo dhidi yako. 'Confess' ni kuungama lote. Kijana wa watu akisema, 'Nakubali simu ilipatikana kwangu,' hajasema ameiiba. Amekubali lililoonekana, aliyeiweka pale ni swali jingine. Uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri, wa 1973, uliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata mpaka sasa: shtaka na kila sehemu ya kosa zielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo 'nakubali simu ilipatikana kwangu' lazima ifike ilivyo, na mkia wake wote, ili hakimu aone mwenyewe kwamba hilo si kukiri kosa. Mkalimani anayelikata likabaki 'he admits' amemfunga mtu kwa mkasi. Ni hivyo hivyo mtu anapoulizwa juu ya kifo na kusema 'nilimuua'. Kuua ni 'kill'. 'Murder' chini ya kifungu cha 203 hutaka nia mbaya iliyotangulia, na 'manslaughter' chini ya 202 haitaki. Mshtakiwa ametaja kitendo. Nia itathibitishwa na wengine. Kwake mimi husema 'I killed him' na kuishia hapo.

Upande wa pili kuna 'nakataa': 'deny' kwa tuhuma, 'refuse' kwa ombi, 'reject' kwa kitu kinachotolewa. Hilo halisumbui sana, maana mazingira hulimaliza.

Mengine nayapitia haraka. 'Judgment' ni uamuzi wa kesi nzima, 'ruling' ni uamuzi wa hoja iliyozuka njiani, 'sentence' ni adhabu. Sote tunaziita hukumu, na ndugu wa mshtakiwa wanaosubiri koridoni hupoteza nauli kwa sababu waliambiwa 'hukumu ni Jumanne' na Jumanne ikawa ni 'ruling' tu. 'Bail' na 'bond' zote ni dhamana kwenye midomo yetu. Kwa desturi ya mahakama zetu, ya kwanza ni pesa taslimu zinazowekwa, ya pili ni ahadi inayosimamiwa na mdhamini na mali yake, mara nyingi hati ya shamba au kitabu cha gari. Waambieni ndugu tofauti hiyo kabla hawajauza ng'ombe.

Vijana huniuliza pia juu ya kamusi. Mimi natumia ile ya Kiingereza kwa Kiingereza inayotungiwa wanaojifunza lugha, kwa sababu inatoa sentensi. Sichukui maana, nachukua sentensi, naiandika daftarini upande wa kushoto, na upande wa kulia naandika sentensi ya Kiswahili niliyoisikia kwa masikio yangu, steji au mahakamani. Neno peke yake halinisaidii. Nikikuta maneno mawili yananichanganya, naangalia kinachofuata kila moja: mtu au kitu? Kitendo cha mara moja au cha kurudia? Kuna anayetenda, au kimetokea chenyewe? Kisha naingiza 'lakini'. Maneno mengi hujitenga hapo. Machache hayajitengi, kama 'start' na 'begin' katika sentensi nyingi, na hayo sipotezi muda nayo. Si kila jozi ina siri.

Wiki iliyopita tulifika kwenye kuvunja nyumba, na darasa likapamba moto. Kifungu cha 304 kinatenganisha 'housebreaking' na 'burglary', na kinachotenganisha ni saa. Mchana ni hadi miaka 7, usiku ni hadi 10. Usiku wenyewe umefafanuliwa: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nairobi, iliyo karibu na ikweta, hiyo ndiyo saa giza linapoingia na kutoka mwaka mzima, kwa hiyo mpaka huo unatukaa vizuri. Tatizo ni Kiingereza. Shahidi akisema 'ilikuwa saa mbili usiku', Kiingereza kizuri cha mazungumzo ni 'eight in the evening', kwa kuwa Mwingereza huiita saa hiyo 'evening' mpaka karibu na kulala. Lakini shahidi alisema usiku, na sheria nayo inasema usiku. Binti mmoja darasani alipendekeza 'at eight at night', mwenzake akasema hicho si Kiingereza cha wenyewe. Nilimwunga mkono binti. Sentensi inasikika nzito kidogo, na inaeleza alichosema shahidi.

Na 'kuvunja'? Kifungu cha 303 kinasema hata anayefungua mlango uliofungwa kwa kuusukuma, kuuvuta au kuuinua ame-'break'. Binti yule yule akauliza: basi shahidi akisema 'alisukuma mlango akaingia', si niseme tu 'he broke in', maana sheria imeshakubali? Nikamjibu hapana, dada. Sema 'he pushed the door and went in'. Hakimu ana kifungu cha 303 mbele yake; atakifungua mwenyewe.